Safari ya Wawili Baharini

Tangazo la biashara nalo ni maandishi, na maandishi yoyote yanayoomba kuaminiwa yanastahili kuhakikiwa. Nalisema hilo mapema kwa sababu ninachotaka kukihakiki hapa si riwaya wala diwani ya mashairi. Ni kijitabu cha kurasa 32, cha karatasi nzito inayong'aa, kinachonadi safari ya siku 8 kwa meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania, kwa ajili ya mume na mke. Watoto wetu ndio waliokileta hapa Nkuhungu. Wanataka kuchangishana watulipie nauli mimi na mama yao, kwa kuwa tumetimiza miaka 50 ya ndoa. Tangu siku hiyo kijitabu kimepita mikononi mwa majirani hata pembe zake zimeanza kuchakaa. Walimu wastaafu wenzangu wamekisoma, na karibu wote wametoa hukumu ya neno moja: anasa. Mimi nimekisoma mara tatu, na naona neno hilo halitoshi.

Tuanze na yaliyomo. Meli inaondoka Barcelona, inatia nanga Marseille, Genoa, Naples, Palermo na Valletta, kisha inarudi Barcelona. Kila mji una ukurasa wake, na kila ukurasa una watu wawili wale wale, mwanamume na mwanamke wenye mvi, wameegemea ukingo wa sitaha wakitazama maji. Meli inafika saa 2 asubuhi na kuondoka saa 12 jioni. Mji unafunguliwa kama duka, halafu unafungwa. Kijitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo haitofautishi wewe na ninyi. Kwa hiyo picha ndizo zinazoamua maana: anayesemeshwa si mtu mmoja, ni wawili. Mwandishi wake, yeyote awaye, hakusahau jambo hilo hata katika ukurasa mmoja. Huo ndio ufundi wake, na nitaurudia baadaye, kwa maana ni jambo ambalo waandishi wetu wakubwa wa safari hawakulifanya.

Kasoro zake pia zi wazi. Ya kwanza aliiona mke wangu kabla yangu. Katika ukurasa wa chakula pana mkono unaoshika sinia, umekatwa na ukingo wa picha usawa wa kiwiko. Aliuangalia kwa muda, akaniuliza, "Mwalimu, huu mkono hauna mwenyewe?" Unaye mwenyewe, ila kijitabu hakitaki tumfahamu. Katika meli za namna hii wafanyakazi wengi hutoka Ufilipino, Indonesia na India, hukaa majini miezi mingi mfululizo, na hulala chini kabisa, karibu na mstari wa maji. Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kijitabu kinatuonyesha tezi na omo. Ngama hakiitaji.

Kasoro ya pili ni bahari yenyewe. Katika kurasa zote 32 maji ni ya buluu na hayana historia. Lakini tarehe 3 Oktoba 2013, karibu na kisiwa cha Lampedusa, si mbali na Valletta na Palermo zinazotajwa humo, ilizama mashua iliyojaa wakimbizi. Walikufa watu zaidi ya 360, wengi wao Waeritrea, watu wa upande huu wetu wa Afrika. Tangu mwaka 2014 waliopotea katika bahari hiyo wamepita 25,000. Simtaki mwuza tiketi awe mwandishi wa tanzia. Nasema tu kwamba mhakiki hana ruhusa ya kusahau kile ambacho maandishi yamekisahau kwa makusudi.

Sasa tukiweke kijitabu hiki kando ya maandishi yetu wenyewe. Msingi wa fasihi ya safari katika Kiswahili cha nathari ni kitabu *Safari za Wasuaheli*, kilichokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1901. Humo yumo Sleman bin Mwenye Chande aliyeeleza safari yake ya bara. Yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeandika juu ya Udoe na Uzigua. Yumo pia Selim bin Abakari, Mngazija aliyemtumikia Mjerumani Bumiller. Selim anasimulia jinsi stima ya Wissmann ilivyopelekwa Ziwa Nyasa, na jinsi yeye mwenyewe alivyosafiri na bwana wake hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Kabla yao Amur bin Nasur wa Unguja alikwisha kufundisha Kiswahili mjini Berlin, kati ya 1891 na 1895, na habari zake zilichapishwa na Büttner mwaka 1894.

Wanachuo niliowafundisha fasihi katika chuo cha ualimu walizoea kuwalaumu waandishi hawa kwamba ni wakavu. Lawama hiyo siikubali. Selim ana jicho kali. Anapofika nchi za mbali anawatafuta Waislamu wenzake, anatazama wanavyoishi, na anaona pia jinsi wao wanavyomshangaa yeye. Hapo msafiri wa Kiswahili anatazama na kutazamwa kwa wakati mmoja, jambo ambalo wale wawili wa kwenye kijitabu halijawapata. Kweli, waandishi hawa waliandika kwa kuombwa na wataalamu wa Kijerumani, na yapo waliyoyafinika kwa sababu hiyo. Hata hivyo kalamu yao haikulala.

Ila kuna mtu mmoja ambaye humwoni katika safari zao: mke. Wanahesabu siku, vituo, mizigo, wapagazi na bei ya vyakula. Wanasafiri na bwana, na mpishi, na askari. Nani aliyebaki nyumbani, na aliagana nao vipi, hatuambiwi. Sababu si ugumu wa moyo. Safari kwao ilikuwa kazi. Mtu alisafiri kwa biashara, kwa utumishi, au kwa amri. Safari ya hiari, ya mume na mke, isiyo na shughuli ila kuwa pamoja, haikuwamo katika maisha waliyokuwa nayo, na kwa hiyo haikuingia katika maandishi yao. Lugha yenyewe imelishika jambo hilo. Tunasema "mtu wa safari" tukiwa na maana ya mtu asiyekaa na wake.

Wapo hata hivyo wawili wawili waliopita baharini, na habari zao ndizo kipimo changu cha kijitabu hiki.

Wa kwanza ni Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Aliondoka kwao mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Walifunga ndoa Aden tarehe 30 Mei 1867, na siku ile ile wakaanza safari ya Ulaya kwa njia ya Bahari ya Shamu, Misri na Marseille. Mfereji wa Suez ulikuwa haujafunguliwa. Walivuka Mediterania, bahari hii hii ya kijitabu, mume na mke wapya, na Marseille ile ile inayotangazwa kuwa mahali pa kunywa kahawa kwa utulivu ndipo Salme alipokanyaga Ulaya mara ya kwanza. Mtoto wao mchanga aliyezaliwa Aden alifariki katika safari hiyo. Mwaka 1870 Ruete aliumia kwa tramu mjini Hamburg akafa, naye Salme akabaki na watoto watatu katika nchi ya baridi.

Kumbukumbu zake alizitoa kwa Kijerumani mwaka 1886. Anayesoma akitafuta safari ile ya wawili atashangaa jinsi anavyoipita upesi. Jumba la Mtoni amelieleza kwa kurasa nyingi, pamoja na punda, vyakula na sikukuu zake. Mvuko wa bahari pamoja na mume aliyeacha kila kitu kwa ajili yake ameupa nafasi ndogo mno. Ilibidi barua zake, zilizochapishwa miaka mingi baada ya kifo chake cha mwaka 1924, zije kutujulisha zaidi. Kama mhakiki nasema kwamba ufupi ule ni sehemu ya habari. Yako mambo ya wawili ambayo mmoja akibaki peke yake hana tena wa kusimulia naye.

Wa pili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari mwenyewe. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na kutokana na kazi yake kilitoka mwaka 1903 kitabu *Desturi za Wasuaheli*. Kila mwalimu wa Kiswahili anajua tunavyokitegemea tunapotaka kueleza posa, mahari, kungwi na harusi za zamani. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 walipanda meli pamoja kuja nyumbani Afrika Mashariki. Serikali ya koloni, Gavana akiwa Gustav Adolf von Götzen, ikawakatalia kuishi nchini kama mume na mke. Mtu aliyeifundisha dunia jinsi Waswahili wanavyooana alinyimwa ruhusa ya kuingia kwao na mke wake. Akarudi Ujerumani pamoja naye. Alifundisha Hamburg kwa miaka kadhaa, akatoa mihadhara huku na huko, na akafia Berlin mwaka 1927. Anayetaka kuijua habari hii kwa ukamilifu asome kitabu cha Ludger Wimmelbücker kilichotolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2009.

Safari ile ya 1905, kwenda na kurudi, majuma mengi melini, wawili katika chombo kimoja, Mtoro hakutuachia kitabu chake. Katika fasihi yetu yote sijui kitabu kisichoandikwa ambacho ningependa kukisoma zaidi ya hicho.

Jina la Gavana yule halikuishia hapo. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kilijenga meli kwa ajili ya Ziwa Tanganyika. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli ya kati. Reli hiyo ilikwisha kufika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma ilifika 1914. Maana yake ni kwamba meli nzima ilipita hapa kwetu, katika nyika hii isiyo na maji, ikiwa sanduku baada ya sanduku. Iliposhushwa majini Kigoma mwaka 1915 ilipewa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, Waingereza wakaiinua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwaka aliofariki Mtoro ndio mwaka jina la Götzen lilipotoka rasmi majini. Mimi si mtu wa kutafuta ishara katika tarehe, lakini hii nimeiandika katika daftari langu.

Kiwanda kile cha Papenburg hakikufa. Miaka hii ndicho mojawapo ya viwanda vikubwa duniani vya kujenga meli za kitalii. AIDAnova, iliyotoka humo mwaka 2018, huchukua abiria zaidi ya 5,000, yaani abiria mmoja kwa kila sanduku la Liemba. Kwa hiyo anayedhani kwamba meli za kwenye kijitabu ni habari za watu wengine, zisizotuhusu sisi wa Dodoma, hajaitazama historia ya reli yake mwenyewe.

Liemba naijua. Mwaka 1978 nilihamishwa kutoka Mkoa wa Kigoma kwenda Rukwa, na tulisafiri nayo hadi Kasanga, mimi, mke wangu na watoto wawili. Kwa walimu wa rika langu huo ulikuwa ndio usafiri wa wawili: uhamisho. Waranti ya serikali iliandika jina langu, cheo changu, halafu "mke, watoto wawili na mizigo". Nayo waranti ni maandishi. Ndani yake mke hana jina, na nafasi yake imo kati ya mwalimu na mizigo. Melini hapakuwa na kuegemea ukingo kwa starehe. Palikuwa na magunia ya dagaa, kuku, baiskeli, watoto wenye kichefuchefu. Kijiji kwa kijiji, pasipokuwa na gati, mitumbwi ilikuja ubavuni usiku na watu wakashuka na kupanda kwa kelele nyingi. Mke wangu anaikumbuka safari ile kuliko mimi. Anakumbuka mama mmoja wa Kirando aliyempa samaki wa kuchoma na kukataa pesa. Anakumbuka pia milima ya ng'ambo ya Kongo asubuhi, na kwamba tuliitazama pamoja kwa muda mrefu kwa sababu hapakuwa na jingine la kufanya.

Hilo la mwisho, msomaji, ndilo hasa ambalo kijitabu kinaliuza. Kinawauzia watu muda wa kutokuwa na jingine la kufanya ila kutazama kitu kimoja wakiwa wawili.

Ndiyo maana siridhiki na neno anasa. Sisi tuliosomeshwa chini ya Azimio la Arusha tulifundishwa kulitumia neno hilo kama kiboko, na mara nyingi lilistahili. Lakini nilipomwuliza mke wangu kama angependa kwenda, alinijibu, "Mimi sijapata kusafiri pasipo kazi ninakokwenda. Nimekwenda kuuguza, nimekwenda kuzika, nimekwenda kulea wajukuu, nimekufuata wewe vituo vinane. Nitakwenda nikafanye nini huko?" Baada ya kitambo akaongeza, "Labda ndiyo sababu ya kwenda." Siwezi kuliita jibu hilo anasa. Mwanamke aliyehesabiwa pamoja na mizigo katika waranti ana haki ya kuandikwa jina lake kamili katika tiketi, na kukaa kitini bila kumhudumia mtu.

Hukumu yangu basi ni hii. Kama maandishi, kijitabu hiki ni kiongo katika mengi. Kinaficha wanaofanya kazi, kinaisafisha bahari, na kinageuza miji yenye miaka 2,000 kuwa vituo vya saa 10. Lakini katika jambo moja kinasema kweli ambayo *Safari za Wasuaheli* hakikuweza kuisema: kwamba mke ni msafiri. Selim hakuwa na nafasi ya kuiandika kweli hiyo. Salme aliipitia mbio kwa uchungu, na Mtoro alizuiwa asiishi nayo katika nchi yake. Kuipata kwanza katika karatasi ya mchuuzi ni aibu kidogo kwa fasihi yetu, lakini kweli haichagui kinywa. Wanaoandika sasa waichukue waende nayo mbali zaidi. Napenda kusoma safari ya Liemba, au ya treni mpya ya umeme inayotufikisha Dar es Salaam tangu mwaka 2024, au hata hiyo ya Mediterania, iliyoandikwa na mke, kwa jina lake, yenye ngama na sitaha pamoja.

Limebaki jambo moja ambalo kijitabu kimelitia katika ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo: abiria mwenyewe ndiye atakayeshughulikia viza. Nimesoma masharti. Ada ni yuro 90 kwa kila mtu mzima, bima ya matibabu isipungue yuro 30,000, taarifa za benki, uthibitisho kwamba mwombaji atarudi kwao. Cheti cha ndoa kinaweza kuambatishwa, lakini ombi la kila mmoja huamuliwa peke yake. Inawezekana kabisa mume akakubaliwa na mke akakataliwa, au kinyume chake. Mwaka 1905 ilihitajika amri ya Gavana kuwatenga wawili na gati. Siku hizi mihuri miwili tofauti inatosha.

Watoto wameulizia siku ya miadi Dar es Salaam, nasi tumekwisha kupiga picha za pasipoti katika studio ya hapa mtaani. Mimi na mama yao tumezungumza tukakubaliana: ikitoka viza moja tu, haendi mtu. Fedha hizo zitatufikisha Kigoma kwa treni, wote wawili, tukaliangalie lile ziwa tena.